Reli Ndogo ya Watu Wengi: Utangulizi wa Ufundi wa Treni za Mfano

Kilomita moja ya reli ya kweli, ukiipunguza kwa skeli ya HO, ambayo ndiyo inayotumika zaidi duniani, inabaki mita 11 na nusu. Kwa hesabu hiyo, reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, yenye kilomita zipatazo 472, ingedai zaidi ya kilomita 5 za reli ya mezani. TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ingedai 21. Hakuna nyumba ya kuitosha. Ndiyo maana kila aliyewahi kujenga reli ya mfano amelazimika kuchagua abaki na kipande kipi na aache kipi, na uchaguzi huo ndio kiini cha fani hii. Vichwa vya treni, taa na vijumba vya kadibodi hufuata baadaye.

Utangulizi huu ni wa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mgeni kabisa, aliyeona treni za namna hii kwenye filamu au dukani akajiuliza watu wazima wanazifanyia nini. Wa pili ni yule aliyekuwa na treni ya kuchezea utotoni, akaiacha, na sasa anataka kuirudia. Kwa wote wawili nina dai moja, nalo nitalitetea hadi mwisho: mlango bora wa kuingilia fani hii, au wa kurudia, ni mradi mdogo unaojengwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wengi huuona mradi wa aina hiyo kuwa ni wa aliyekosa nafasi na fedha. Historia ya fani inaonyesha vingine.

Ilikotoka

Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen, Ujerumani, ilileta treni za kutia ufunguo pamoja na reli za vipande. Treni za kuchezea zilikuwapo tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa ule mpango wake. Mzazi angeweza kununua duara leo, mwakani akaongeza vipande vilivyonyooka, mwaka unaofuata akaongeza pointi, yaani kile kipande chenye ndimi zinazosogea ili treni iingie njia nyingine. Kila kipande kilikubaliana na kingine kwa sababu vipimo vilikuwa vimewekwa mapema. Tangu hapo fani hii imesimama juu ya makubaliano ya vipimo, na msomaji ataona jambo hilo likijirudia.

Nchini Marekani, Joshua Lionel Cowen alianza kazi New York mwaka 1900 na kampuni yake ya Lionel. Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool, ambaye tayari alikuwa na sifa kwa vifaa vya Meccano, alianza kuuza treni mwaka 1920. Wakati huo watu wazima walikuwa wamekwisha kujipanga: The Model Railway Club ya London iliundwa mwaka 1910 na bado ipo.

Kilichofuata ni safari ya kupungua. Treni za mwanzo zilitaka sakafu nzima ya sebule. Watu wa mijini walipozidi kuishi katika vyumba vidogo, watengenezaji walipunguza skeli ili reli ipande mezani, na kufikia mwaka 1935 treni za Märklin na Trix za reli yenye upana wa milimita 16.5 zilikuwa zikionyeshwa huko huko Leipzig. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Arnold ya Nuremberg ikashuka hadi reli ya milimita 9, inayoitwa N. Mwaka 1972 Märklin ikatoa Z, yenye reli ya milimita 6.5, ambayo kichwa chake cha treni kinalala juu ya vidole viwili.

Skeli na upana

Anayeanza hukwazwa mapema na vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Skeli hueleza kitu kimepunguzwa mara ngapi: HO ni 1:87, N ni 1:160 katika Ulaya bara na Marekani, 1:148 Uingereza na 1:150 Japani, na Z ni 1:220. Upana hueleza nafasi iliyopo kati ya reli mbili. Vingepaswa kwenda sambamba, lakini haviendi hivyo siku zote.

Mfano maarufu ni wa Waingereza. Treni zao za kweli ni ndogo kuliko za Ulaya bara, na mota za umeme za miaka ya 1930 hazikuenea vizuri ndani ya maumbo madogo hivyo. Wakaamua kukuza mwili wa treni hadi skeli ya 1:76, wakauita OO, lakini wakabakiza reli ile ile ya HO ya milimita 16.5. Reli ya kweli ya milimita 1,435, kwa skeli hiyo, ingepaswa kuwa na upana wa milimita 18.83. Tofauti ya milimita mbili na ushei inaonekana ndogo, lakini ukiirudisha kwenye ukubwa wa kweli ni karibu sentimita 18: treni imesimama juu ya reli nyembamba kuliko haki yake. Wenye macho makali hawakukubali. Wengine walijenga reli za milimita 18.2 wakaziita EM, na wengine wakaenda hadi 18.83 kamili wakaiita P4. Walio wengi wamebaki na OO kwa sababu vifaa vyake vinapatikana kila duka la fani hii nchini humo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina mguso wa nyumbani. Reli zetu za zamani, iwe ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, iwe reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, zina upana wa mita moja. Kwa skeli ya HO hiyo ni milimita 11.5, na reli ya karibu inayouzwa ni ya milimita 12, inayotumiwa na wanaojenga mifano ya reli za milima ya Uswisi. TAZARA ina milimita 1,067, ambazo kwa skeli hiyo hiyo ni milimita 12 na robo. SGR ni 1,435, kwa hiyo inapita kwenye reli ya kawaida ya HO bila tatizo.

Anayerudi anakuta nini

Historia ya anayerudi hufanana kutoka nchi hadi nchi. Mtoto hupewa boksi lenye duara moja, kichwa kimoja na mabehewa matatu. Treni huzunguka. Baadaye huja shule, kazi, ndoa na watoto, na boksi hupandishwa juu ya kabati. Mtu anapolishusha, akiwa na umri wa miaka arobaini au hamsini, hukuta dunia nyingine.

Badiliko kubwa ni la umeme. Zamani reli ilibeba volti zisizozidi 12: ukiongeza volti treni inakimbia, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba vichwa viwili kwenye reli moja hutii amri moja. Ili kimoja kisimame na kingine kiende, ilibidi reli ikatwe vipande vipande na kila kipande kipewe swichi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilibuni njia ya kidijitali, na katika miaka ya 1990 chama cha Marekani cha NMRA kikaifanya kuwa kiwango cha pamoja kinachoitwa DCC. Sasa reli ina umeme wakati wote, na ndani ya umeme huo hupita ujumbe. Kila kichwa kina kifaa kidogo chenye namba, na husikiliza ujumbe wenye namba yake tu. Mtu mmoja anapanga mabehewa huku mwenzake akiingiza treni ya abiria, na hakuna anayemkwaza mwingine.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Anayerudi ana fedha ambazo mtoto hakuwa nazo, na ana ndoto iliyolala miaka mingi: stesheni kubwa, daraja, handaki, mji mzima. Anajaza chumba mbao na nyaya. Mtaka yote hukosa yote: kazi ya useremala inamchosha kabla treni ya kwanza haijatembea, na boksi linarudi juu ya kabati.

Udogo kama shule

Walioielewa hatari hiyo waligeuza udogo kuwa somo la usanifu. Mwaka 1957 Cyril Freezer, mhariri wa jarida la Railway Modeller, alichapisha mchoro alioupa jina Minories: stesheni ya mwisho ya mjini, yenye majukwaa matatu, kwenye ubao mwembamba wa kuwekwa ukutani. Uzuri wake uko kwenye mpangilio wa pointi langoni. Treni yoyote inaweza kuingia jukwaa lolote na kutoka, kwa hiyo ubao mdogo unazalisha shughuli za stesheni kubwa. Hadi leo watu wanaujenga na kuubishania.

Mchoro mdogo zaidi, na ambao ningemshauri kila anayerudi auanzie, ni Inglenook Sidings wa Mwingereza Alan Wright. Una pointi mbili na njia tatu. Njia ndefu inachukua mabehewa matano, na mbili fupi zinachukua matatu kila moja. Mbele ya pointi kuna kipande kinachotosha kichwa na mabehewa matatu, si zaidi. Kwa skeli ya OO vyote hukaa kwenye ubao usiofika mita moja na nusu. Mabehewa yote ni manane. Andika namba zao kwenye kadi, zichanganye, chomoa kadi tano, kisha panga treni ya mabehewa matano kwa mfuatano uleule wa kadi.

Tuone ugumu wake kwa karibu. Tuseme mabehewa matano yako njia ndefu, matatu yako njia fupi ya kwanza, na njia fupi ya pili ni tupu. Kadi inataka behewa lililo mwisho kabisa wa njia ndefu liwe la kwanza nyuma ya kichwa. Mchezaji mwenye haraka anachomoa mabehewa matatu ya mbele na kuyasukuma yote kwenye njia tupu. Anarudi kuchukua mawili yaliyobaki. Sasa njia fupi zote zimejaa, na lile analolitaka linaning'inia mkiani: pa kuliweka ni kule kule lilikotoka. Mchezaji mtulivu angeingiza mawili tu kwenye njia tupu na kuacha nafasi ya tatu wazi. Behewa moja lililobaki angelirudisha njia ndefu, akayaunga yote matatu yaliyo hapo, akayavuta, kisha akalisukuma lile la mkiani kwenye nafasi aliyoiacha. Sasa liko mdomoni mwa njia, na atalichukua wakati wowote.

Mifuatano inayowezekana ya kadi tano kutoka nane ni 6,720, kwa hiyo mchezo huu hauchoshi upesi. Muhimu zaidi ni kwamba unafundisha jambo ambalo duara haliwezi kulifundisha: reli ni chombo cha kazi. Behewa lina mahali linapotakiwa na sababu ya kutakiwa hapo. Aliyelielewa hilo kwenye ubao mmoja atakuwa na uhakika zaidi akipanuka.

Mahali mbao zinapokutana

Ushirika unaingia hapa. Badala ya mtu mmoja kujenga reli nzima, kila mwanachama hujenga ubao wake nyumbani, na mbao hizo, zinazoitwa moduli, huunganishwa siku ya kukutana. Wamarekani wa California walianzisha mfumo wa N-Trak miaka ya 1970. Moduli yake ya kawaida ina urefu wa futi 4 na upana wa futi 2, inasimama inchi 40 kutoka sakafuni, na ina njia kuu tatu zilizopewa majina ya rangi: nyekundu, njano na buluu. Ulaya kuna FREMO, iliyoanzia Ujerumani mwaka 1981, ambayo wanachama wake hukutana kumbini na kuunganisha reli za makumi ya mita, kisha huziendesha kwa ratiba. Kutoka Japani umekuja T-TRAK, wenye moduli ndogo za kuwekwa juu ya meza yoyote. Huo unamfaa sana anayeishi chumba kimoja.

Siri ya mifumo yote hii iko pale mbao mbili zinapokutana. Ukingo wa gurudumu la HO hauzidi milimita moja na kitu. Reli za mbao mbili zikipishana kwa nusu milimita, kwenye ukubwa wa kweli hiyo ni zaidi ya sentimita 4, na behewa litaruka. Kwa hiyo mafundi hukubaliana kwanza juu ya kiolezo kimoja cha ubao wa kichwani, chenye matundu ya bolti yaliyotobolewa mahali palepale. Reli lazima ifike ukingoni kwa pembe mraba, si kwa kona. Wanaojenga mbao zao pamoja huwa na mbinu nyingine: hufunga mbao kwa bolti, hupitisha reli juu ya ungio kana kwamba ni ubao mmoja, huilehemu kwenye skrubu za shaba zilizozamishwa pande zote mbili za ungio, na mwisho huikata kwa msumeno mwembamba. Ncha mbili zilizokatwa hivyo zitaonana siku zote. Zikishapangwa reli huja nyaya: lazima ijulikane ni rangi gani inalisha reli ya mbele na ipi ya nyuma, la sivyo siku ya kuunganisha itakuwa ni siku ya shoti.

Nje ya ungio, kila mtu ni huru. Mmoja atajenga soko, mwingine shamba la mkonge, mwingine daraja juu ya mto mkavu. Ndiyo sababu nasema mfumo wa moduli una somo la kijamii linalozidi mchezo: unawabana watu kwenye mambo machache yanayowahusu wote, na kuwaachia mengine yote.

Ushirika umezaa nini

Mifano miwili inatosha. Peter Denny, padri wa Kanisa la Anglikana, alianza miaka ya 1940 kujenga reli yake ya Buckingham kwa upana wa EM. Aliiendesha kwa ratiba na kengele, kama reli ya kweli: stesheni moja inauliza, nyingine inajibu, ndipo treni iondoke. Reli ya namna hiyo haiwezi kuendeshwa na mtu mmoja. Alipokosa mwanawe Crispin wa kumsaidia upande wa pili, Denny alitengeneza mashine ya kupokea na kujibu kengele badala yake, akaiita Automatic Crispin. Hata aliyekuwa peke yake ilimbidi abuni mwenzake.

Mfano wa pili ni klabu ya wanafunzi wa MIT, Marekani, Tech Model Railroad Club, iliyoanza mwaka 1946. Ndani yake palikuwa na makundi mawili: waliopenda mandhari na treni, na waliopenda yaliyofichika chini ya meza, yaani nyaya na swichi za simu zilizoongoza reli. Hawa wa pili ndio walioingia mapema kwenye kompyuta za chuo. Kutoka kwenye kundi lao ulitoka mchezo wa Spacewar!, uliotengenezwa na Steve Russell na wenzake mwaka 1962 kwa kompyuta ya PDP-1, na utamaduni mzima wa wadukuzi kama Steven Levy alivyousimulia kwenye kitabu chake cha mwaka 1984. Anayeidharau fani hii kuwa ni ya kitoto ataona vigumu kulieleza hilo.

Yako pia maonyesho makubwa, kama Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun, na ni ya kustaajabisha. Lakini pale mgeni ni mtazamaji. Kwenye mradi mdogo wa ushirika, kila aliyepo ana kazi.

Mradi unaoweza kuanza kwetu

Kama ningeombwa kupendekeza mradi mmoja kwa kikundi cha Afrika Mashariki, ningesema Kidatu, mkoani Morogoro. Hapo tawi la reli ya mita linalotoka Kilosa linakutana na TAZARA, na kwa kuwa upana unatofautiana kwa milimita 67, mzigo hubidi uhamishwe kutoka behewa hadi behewa. Kwa msanifu wa ubao mdogo hiyo ni zawadi: njia chache, sababu ya kila behewa kuwepo, na mashirika mawili ya reli kwenye uwanja mmoja. Kwa HO tofauti ile ya upana inakuwa chini ya milimita moja, hivyo reli ya milimita 12 itabeba pande zote mbili. Kikundi kitaamua kama kinavumilia uongo huo mdogo au la, na mjadala wenyewe utawafundisha zaidi ya vitabu.

Wengi watavutiwa kwanza na zile injini 34 za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu. Mbili zimehifadhiwa Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na yeyote anayetaka kuzipima anaweza kwenda kuziona. Ila kichwa chenye urefu wa zaidi ya mita 31 kinakuwa na sentimita 36 kwa HO, na peke yake kitaziba kipande cha mbele cha Inglenook. Kiwe cha mradi wa pili. Vifaa vingi vya dukani ni vya reli za Ulaya, Marekani na Japani, kwa hiyo mabehewa yetu yatatoka kwenye plastiki, kadibodi na printa za 3D, na hapo mwenye mkono wa useremala, mwenye kujua kulehemu, mwenye jicho la rangi na mwenye picha za zamani za stesheni watahitajiana.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujanunua kichwa cha treni, tafuta wenzako wawili au watatu. Kaeni mkubaliane mambo manne: skeli, upana wa reli, kimo cha ubao kutoka sakafuni na rangi za nyaya. Yaandikeni kwenye karatasi moja, kila mmoja abaki na nakala yake. Kisha jengeni mbao mbili za kwanza, mziunge, na msijenge ya tatu mpaka behewa livuke ungio bila kuruka, kwenda na kurudi.